Mama Hagusi Chakula Kabla Yangu

Kwa miaka kumi na moja nililisha wanaume mia nane kila siku. Nilikuwa msimamizi wa jiko katika kambi ya wafanyakazi huko Ghuba, na sikumbuki hata siku moja wali kuchelewa. Nilikwenda huko na diploma ya upishi na usimamizi wa hoteli, ambayo niliilipia mwenyewe kwa kuuza chapati kando ya barabara ya Koboko. Nilirudi nikajenga nyumba ya vyumba vitano Pajulu, nje kidogo ya mji, nikafungua hoteli ya chakula mjini Arua, yenye vitambaa mezani na choo ambacho hata wageni wa mashirika hukisifu. Sioni sababu ya kuyasema haya kwa sauti ya chini. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, wala mkubwa yeyote aliyeniandikia barua.

Na mtu huyo huyo ameshindwa na sahani ya mama yake.

Miezi michache kabla ya kurudi, madaktari wa kule walinipunguza tumbo. Nilikuwa na kilo mia moja hamsini na mbili, na magoti yangu hayakukubali tena ngazi za ghala. Waliondoa sehemu kubwa ya tumbo, wakaacha kitu chembamba chenye ukubwa wa ndizi mbivu ndogo. Wakanipa karatasi ya masharti: anza na nyama, samaki, yai au maharage; tafuna hadi chakula kiwe uji mdomoni; usinywe maji ukiwa unakula; sukari kaa nayo mbali; meza vidonge vya vitamini maisha yako yote; kifua kikibana, weka kijiko chini. Niliyashika masharti yale kama nilivyoshika vitabu vyangu vya chuo. Kule haikuwa kazi ngumu. Mpishi nilikuwa mimi, mlaji mimi, na sahani yangu haikumhusu mtu.

Pajulu mpishi ni mama.

Mama ni mtu wa Koboko, binti wa askari, amekulia kambini. Ndiyo sababu nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, kile cha kambi, ingawa marehemu baba alikuwa Mlugbara wa hapa hapa, na ndiye aliyetuingiza kanisani. Ana ugonjwa wa sukari. Anameza vidonge asubuhi na jioni, na vidonge hivyo vinataka chakula juu yake, la sivyo sukari inashuka na yeye anashuka nayo. Haya anayajua. Lakini alirithi pia desturi ya mama yake: askari akirudi kutoka vitani, mwanamke aliyempikia hagusi chakula mpaka amwone ameshiba. Mtu anaweza kurudi nusu, nyanya alikuwa akisema, na kitakachoonyesha ni sahani yake. Niliporudi kutoka Ghuba, mama akaianza desturi hiyo juu yangu. Nilidhani ni heshima ya siku ya kwanza tu.

Siku hiyo alileta enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na ulezi, mlima mzima, pamoja na samaki wa moshi aliyepikwa kwa karanga. Nilikula samaki kiasi cha vidole viwili na tonge moja la enyasa. Tonge lile lilishuka hadi katikati ya kifua likakaa hapo kama mtu aliyeketi mlangoni.

"Umeonja," mama alisema. "Sasa kula."

"Nimekula, Mama."

"Umekula? Kuku yangu inakula kushinda wewe."

Nilimwambia kwamba kule tulizoea kula kidogo kidogo. Akasema sawa, atangoja, kidogo kidogo itafika. Alikaa kwenye mkeka wake, mikono mapajani, akingoja hadi chakula kikapoa. Kesho yake nilipata habari kutoka kwa jirani kwamba alilala bila kula.

Ningeweza kumwambia ukweli siku ile. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshaueleza mwili wangu kwa watu wote kwa namna nyingine. Nilisema ni nidhamu: kukimbia asubuhi, kuacha soda, kujikana. Wanaume wa rika langu, wenye vitambi vya kweli, walinivuta pembeni kuniomba siri. Kanisani nilisimamishwa mbele ya kikundi cha akina mama nikiwa na suti mpya, nikawafundisha kwa saa nzima jinsi mtu anavyotawala tumbo lake, na nilifundisha vizuri, maana kusimama mbele za watu ni kitu ninachokiweza. Baada ya hapo ningesemaje kwamba tumbo langu lilitawaliwa na kisu?

Kwa hiyo nikaanza kuficha chakula. Nilivaa jaketi la mifuko mikubwa hata jua likiwa kali, na ndani nikaweka kavera, ile mifuko laini ya plastiki ya dukani. Mama akigeuka kuchochea moto au kumfukuza mbuzi, matonge yanaingia mfukoni. Nikielekea mjini nilimwaga yote kwa mbwa wa jirani. Sahani ilirudi tupu, mama akala yake, akameza vidonge, mambo yakaenda. Nilijipongeza. Nilikuwa nimesimamia jiko la watu mia nane, sasa nasimamia la wawili na mbwa.

Lakini sikuwa nimefikiria jambo moja. Mama aliona sahani tupu kila siku, na kila siku aliona suruali yangu ikilegea. Alitafakari kwa akili yake, akafikia jibu ambalo mzazi yeyote angelifikia: mtoto anakula sana na bado anaisha, basi ana ugonjwa asioutaja, au kuna mtu amemfunga. Akaongeza chakula. Mbwa alinenepa hadi jirani akamsifu.

Mjini nako hapakuwa na amani. Wateja wa hoteli yangu walianza kuniangalia nikinywa supu yangu ya kikombe kimoja kaunta.

"Mwenye hoteli hali," dereva mmoja wa malori alisema kwa sauti ya kila meza. "Sisi tunakula, yeye anakunywa maji ya mifupa. Bwana mkubwa, kwani hii chakula yako iko na nini?"

"Iko na nyama," nikasema. "Kula."

"Kaa hapa basi tule pamoja."

Wenzake wakacheka. Nilikaa, nikala vipande vitatu vya nyama mbele yao nikitabasamu, kisha nikaenda kile choo changu cha sifa nikavirudisha vyote.

Mama aliposikia fununu hizo aliamua twende Koboko kwa kaka yake mkubwa, akaniombee dua. Mjomba ni askari mstaafu, mrefu, anayekaa wima hata kwenye mkeka. Alichinja mbuzi. Kwanza ilikuja chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Nilijua ile sukari itanifanya nini, na nilijua vilevile kwamba kumrudishia mjomba kikombe ni kumrudishia mkono aliokunyooshea. Nikanywa. Baada ya muda kidogo moyo ulianza kukimbia, jasho likanitoka hadi kwenye magoti, sauti za watu zikawa mbali. Hapo ndipo sinia liliposhushwa, mjomba akasema Bismillahi, na mkono wake wenyewe ukanichagulia kipande cha paja.

Nilitafuna. Nilitafuna hadi taya likauma. Nikameza, kikakwama, nikainuka nikaenda nyuma ya jiko, na wote walisikia kilichotokea huko.

Niliporudi mjomba alikuwa ameacha kula.

"Tumbo yako iko na nini?"

"Safari, Mjomba. Imenichosha."

"Safari gani? Arua mpaka hapa ni lami. Mtu analeta trei ya mayai na hakuna hata moja inapasuka."

Binamu zangu waliinama kuficha vicheko.

"Mimi nimekula ndani ya mtaro," mjomba akaendelea, "risasi inapita juu, mutu amekufa hapa pembeni. Nilikula na nikanawa mkono. Wewe unakuja na diploma yako unatapika mbuzi yangu nyuma ya jiko yangu. Unafikiri mimi naweka sumu?"

"Hapana, Mjomba."

"Basi sema iko nini."

Wote waliniangalia. Walikuwepo wawili miongoni mwao walioacha soda kwa sababu yangu.

"Malaria," nikasema.

Mjomba akamgeukia mama, ambaye sinia la wanawake lilikuwa mbele yake na mkono wake ulikuwa mkavu. "Na wewe mbona huli?"

"Mtoto bado hajakula."

"Amekula. Ametapika."

"Basi bado," mama akasema.

Dua iliombwa, ndefu, na mimi nikaitikia amina kwa ugonjwa ambao sikuwa nao. Tulirudi Pajulu mchana ule ule. Mama alikaa kiti cha mbele cha gari langu, tumbo tupu, akitazama barabara.

Siku iliyofuata alichukua jaketi langu kulifua. Alinikuta mezani, akaweka mbele yangu kavera lenye tonge la enyasa lililokauka kama udongo. Tangu saa hiyo alihama kutoka kwenye mkeka, akawa anaketi ana kwa ana nami, na kitu ambacho hakukiona kikipita kooni kwangu hakukihesabu. Nilikula vijiko vyangu vitano, nikasimama. Yeye akafunika sufuria. Nilimwomba, nikamkaripia, nikamwita mchungaji aje amwombe. Kila mara jibu lilikuwa kwamba atakula, hana haraka. Vidonge alimeza, maana daktari alisema asikose. Alikula ndizi moja, uji nusu kikombe, vitu ambavyo kwake si chakula.

Siku ya tatu asubuhi nilimkuta jikoni ameegemea ukuta. Kijiko cha mti kilikuwa bado mkononi mwake. Alikuwa amelowa jasho na aliongea maneno yasiyoungana. Nilizijua dalili zile, mwili wangu ulikuwa umenifundisha Koboko kitu kinachofanana nazo, na nilijua kwamba kwake ni sukari iliyoshuka. Nilimpaka sukari kwenye fizi kwa kidole changu, kidogo kidogo, nikimwita, kisha nikambeba hadi kwenye gari. Alikuwa mwepesi. Mimi niliyetapika kipande cha nyama sikuona uzito wowote mikononi.

Katika hospitali ya misheni walimtundikia dripu, na baada ya saa moja macho yake yalirudi. Dada yangu, ambaye ni mwalimu huko Dadamu, alifika wakati muuguzi anaandika.

"Mama, leo umekula nini?" muuguzi aliuliza.

"Bado."

"Na jana?"

"Jana alikula vijiko vitano."

"Ninauliza wewe, Mama."

"Ndiyo, ninakujibu."

Dada alinivuta nje kwenye varanda. "Wewe ndiye mtu wa chakula hapa. Cheti chako kiko ukutani, kimewekewa kioo. Mwambie ale."

"Nimemwambia."

"Basi wewe kula."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki? Umezoea chakula cha Waarabu?"

Nilipandisha shati. Dada aliyaangalia makovu matano madogo, moja baada ya jingine, kama anayesahihisha mtihani. Nikamweleza.

"Na yale mazoezi?" aliuliza mwisho.

Nikashusha shati.

"Kikundi chetu cha akina mama kinakimbia kila asubuhi," alisema. "Tumevuliwa viatu na matope kwa ajili yako. Mama mkwe wangu anakimbia." Akaanza kucheka, halafu akajifunika uso na kanga yake, na ilichukua muda kabla sijatambua kwamba halikuwa cheko tena. "Ingia umwambie yeye. Si mimi."

Niliingia. Nilimwambia mama kila kitu, nikiamini kwamba ukweli ukishasemwa, kazi imekwisha: ataelewa kuwa mimi nikila vijiko vitano nimeshiba, na atakula. Hivyo ndivyo mtu aliyesoma anavyofikiri. Mama alisikiliza macho yakiwa kwenye dari.

"Hiyo walikata," alisema, "iko wapi?"

"Nini, Mama?"

"Ile tumbo. Kipande."

Sikuwahi kujiuliza. Nilimwambia kwamba pengine walikichoma, hospitali huchoma vitu vya namna hiyo.

"Walichoma."

"Nafikiri hivyo."

"Kitovu yako nilizika nyuma ya jiko, mimi mwenyewe, na mkono yangu. Meno yako ya kwanza najua iko wapi. Kila kitu nilizaa najua iko wapi. Mimi nilizaa tumbo mzima." Akanigeukia. "Waandikie. Wewe unajua kuandika."

Niliahidi, na niliandika kweli, barua ya heshima kwa barua pepe, nikiuliza sehemu ya tumbo langu ilipelekwa wapi. Hawajajibu, na sijui ningefanya nini kama wangejibu. Mama hakunigombeza kwa ule uongo, wala kwa kavera. Alisema tu kwamba nyanya hakukosea: nilikuwa nimerudi nusu. Na hapo nikaona nilivyokuwa nimejifungia mlango. Awali alingoja nishibe kwa sababu hakujua. Sasa anajua, na kwa hesabu yake mtu aliyeacha tumbo nchi ya watu hawezi kushiba hata siku moja, hivyo naye hana ruhusa ya kumaliza sahani.

Muuguzi alijaribu. Dada alijaribu, kwa ukali wa mwalimu. Mjomba alipiga simu kutoka Koboko, akaamrisha, na mama akamjibu ndiyo kaka, kama askari, bila kubadili chochote. Kitu kimoja tu alikubali: badala ya kungoja nimalize, atakula pamoja nami, kijiko kwa kijiko. Nikipeleka changu, anapeleka chake. Nikiacha, anaacha.

Jioni ya kwanza nyumbani nilijaribu kumshibisha kwa nguvu. Kijiko cha sita, cha saba, cha nane. Alikuwa akila, rangi inarudi usoni, nami kifua kinabana kama mtu amenikalia. Kijiko cha tisa kilinitoa mezani nikikimbia. Niliporudi alikuwa ameweka chake chini na kusukuma sahani mbali.

"Imerudi," alisema. "Basi hakuna tuliyokula."

Nimepanga menyu za Wahindi, Wanepali, Wafilipino na Wamisri kwa mwezi mzima mbele bila kukosea, na siwezi kumpangia mama yangu chakula cha mchana mmoja. Nimejaribu kila nilichosoma. Nimempa yeye kijiko kikubwa na mimi cha chai. Siku ya pili alikuja na cha chai. Nimegawa milo iwe sita kwa siku, nikiacha hoteli mikononi mwa wengine, nikipita barabara ya Arua kuja na kurudi kama mtu wa kupeleka barua. Yeye ananipikia maharage yaliyopondwa, samaki aliyechambuliwa hadi mwiba wa mwisho, yai laini, vyote kwenye visufuria vidogo vya kumlishia mtoto mchanga. Kupika amejifunza haraka kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwafundisha. Kupika si shida. Shida ni vile vijiko vitano, au sita siku nikiwa mzima. Mimi vinanitosha. Mwanamke mwenye vidonge viwili kwa siku havimtoshi, na kipimo cha sukari cha kila asubuhi kinaonyesha hivyo kwenye daftari ambalo dada anaandika.

Jana mchana nilimaliza cha tano na nikajua hakuna nafasi ya cha sita. Mama alikuwa amekula vitano vyake, maharage na kipande cha kiazi, na sahani yake ilikuwa bado zaidi ya nusu. Aliniangalia. Haangalii sahani yangu siku hizi, anaangalia taya. Nilinyanyua kijiko, nikakizamisha kwenye maharage, nikakiinamisha upande asiouona hadi kikabaki kitupu, nikakitia mdomoni. Nikaanza kutafuna. Hapakuwa na kitu pale ila ladha ya chuma na chumvi kidogo. Mama alichota, akala. Nilitafuna polepole, kama karatasi ya madaktari inavyoagiza, mara ishirini, mara thelathini, nikameza mate. Nikanyanyua kingine. Naye akanyanyua.

"Tafuna vizuri," alisema.

Nikaitikia kwa kichwa, kwa kuwa sikuthubutu kufungua mdomo, nikaendelea kutafuna.